Kutangulia Si Kufika

Juma lililopita alikuja kijana mmoja ofisini kwangu hapa parokiani. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimemsaidia kuandika barua ya kuomba nafasi ya kujifunza ufundi. Sasa jibu limekuja: amekosa, tena ni mara ya pili. Akaniambia, "Mwalimu, usiniandikie tena. Mimi siku zote ni wa mwisho. Afadhali nikae tu." Nikamjibu, "Mdogo wangu, vuta kiti uketi. Mimi nawe tu ndugu, maana nami nimekwisha kuwa wa mwisho, tena mbele ya umati wa watu." Akacheka. Basi nikamsimulia habari hii, na leo nawasimulia ninyi vilevile.

Msiseme, "Sisi ni watu wazima, michezo ni ya watoto." Someni kwanza mpaka mwisho, kisha mseme.

MICHEZO MITATU KATIKA MZIGO MMOJA

Uko mchezo uitwao triathloni. Ni michezo mitatu iliyofungwa pamoja kama kuni katika mzigo mmoja: kwanza kuogelea, halafu kuendesha baisikeli, na mwisho kukimbia kwa miguu. Hakuna kupumzika katikati. Saa huanza kuhesabu mtu aingiapo majini, wala haisimami mpaka avuke mstari wa mwisho. Hata ule muda wa kujifuta maji, kuvaa viatu na kushika baisikeli unahesabiwa. Ndiyo sababu wachezaji husema kwamba kubadili nguo na vyombo ni mchezo wa nne.

Labda utauliza, mbona wanaanza na maji? Mpango huu una akili. Mtu aliyechoka akiingia majini aweza kuzama. Mtu aliyechoka akipanda baisikeli aweza kuanguka. Lakini mtu aliyechoka akiwa anakimbia, mara nyingi huketi tu kando ya njia. Kwa hiyo kazi yenye hatari kubwa hufanywa kwanza, wakati mtu angali na nguvu zake zote. Nadhani hata sisi wakulima twaweza kujifunza jambo hapo.

Mchezo wenyewe si wa zamani sana. Tarehe 25 Septemba 1974 chama cha wakimbiaji wa mji wa San Diego, Marekani, kiliita watu kushindana namna hiyo, wakaja 46. Miongoni mwao alikuwamo afisa wa jeshi la maji, jina lake John Collins, pamoja na mkewe Judy. Baadaye walihamia visiwa vya Hawaii, na huko watu wakawa wanabishana: ni nani mwenye mwili imara kupita wote, mwogeleaji, mwendesha baisikeli, au mkimbiaji? Collins akatoa shauri kwamba yote matatu yaunganishwe, ubishi uishe.

Tarehe 18 Februari 1978 wakaingia watu 15. Waliogelea karibu kilometa 4 baharini, wakaendesha baisikeli kilometa 180, kisha wakakimbia marathoni nzima, yaani kilometa 42. Mtu wa kwanza, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46. Waliomaliza ni 12. Na yule Collins, mwenye shauri lake, alifika baada ya saa 17 hivi! Hebu fikirini: mwanzilishi wa mashindano alikuwa nyuma ya mshindi kwa zaidi ya saa tano. Lakini alifika.

Katika michezo ya Olimpiki, triathloni iliingizwa mwaka 2000 kule Sydney, Australia. Huko safari ni fupi zaidi: kuogelea mita 1,500, baisikeli kilometa 40, na kukimbia kilometa 10.

SISTA ALIYEKIMBIA

Wale wanaodhani kwamba haya ni mambo ya vijana wenye misuli tu, wamsikilize Sista Madonna Buder. Alizaliwa mwaka 1930 huko St. Louis, Marekani, akaingia utawani akiwa kijana wa miaka 23. Hakuwa mkimbiaji. Alipokuwa na miaka 48 padre mmoja alimwambia kwamba kukimbia kunafaa mwili, akili na roho pamoja. Sista akajaribu. Alipofika miaka 52 aliingia triathloni yake ya kwanza.

Hakuacha tena. Alianguka baisikelini, akavunjika mifupa mara nyingi, akapona, akarudi. Mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 82, alimaliza huko Kanada zile mbio ndefu za namna ya Hawaii, kilometa 180 za baisikeli na marathoni nzima zikiwamo. Sheria yasema mtu asipite saa 17. Yeye alifika ikiwa imebaki chini ya nusu saa. Watunza mashindano walilazimika kufungua madaraja mapya ya umri kwa ajili yake. Basi mama yeyote wa hapa kwetu asemaye kwamba miaka 40 ni uzee, amfikirie Sista huyo.

NAMI NIKAJARIBU

Sasa nije kwangu. Wengi wenu mnajua kwamba nilimaliza chuo cha ualimu mwaka 2013. Cheti changu kiko sandukuni, kimefungwa katika mfuko wa nailoni kisije kikaliwa na mchwa. Nimeomba kazi ya ualimu mara nyingi, sikuipata. Wenzangu niliosoma nao wanafundisha, mimi naandika vyeti vya ubatizo na hesabu za zaka. Si kazi mbaya, naipenda. Lakini nawaambieni kweli: kila watoto wa njiani wanaponiita "Mwalimu! Mwalimu!" huwa nasikia kama mwiba mguuni. Mwalimu asiye na darasa ni mwalimu wa nini?

Katika wale wenzangu yuko mmoja aliyepangiwa shule kandokando ya Ziwa Tanganyika. Huyu alikua pwani ya ziwa, anaogelea kama samaki. Alinifundisha kuogelea nilipomtembelea wakati wa likizo, mara ya kwanza majuma mawili, na mwaka uliofuata majuma mawili tena. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na watoto wa wavuvi walikaa mchangani wakinicheka kila nilipomeza maji. Somo lake la kwanza halikuwa kwenda mbele. Lilikuwa kulala chali juu ya maji na kutulia. "Ukichoka au ukiogopa," alisema, "geuka, tazama mbingu, pumua. Anayepigana na maji ndiye anayezama."

Mwezi wa Julai mwaka 2023 akaniletea habari. Yeye na walimu wenziwe wataka kufanya triathloni ndogo kwa vijana na watu wazima: kuogelea mita 300, baisikeli kilometa 15, kukimbia kilometa 4. Nikamwambia mke wangu. Akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Baba watoto, umekosa kazi za kufanya?" Lakini siku ya safari ndiye aliyeamka alfajiri kunipikia ugali wa muhogo. Nikapakia baisikeli yangu juu ya basi, ile ile ninayobebea ndizi na madumu ya maji, nikashuka kuelekea ziwani.

MAJINI

Asubuhi ile tulikuwa watu 19. Wazee wa kijiji walikuwa wamechagua mahali pa mchanga, pasipo matete, kwa kuwa penye matete na konokono ndipo panapopatikana kichocho, na mamba naye hupenda maficho. Tuliogelea sambamba na pwani, maji ya kufika kifuani, kabla upepo haujaamka. Mitumbwi minne ya wavuvi ilitulinda. Bila mitumbwi ile mashindano yasingefanyika, na ndivyo inavyotakiwa.

Filimbi ikalia, tukaingia wote kwa pamoja. Loo! Mateke, viwiko, povu! Nilisahau yote niliyofundishwa. Nikameza maji, moyo ukanipiga kama ngoma, nikaanza kupigana na ziwa. Halafu nikakumbuka. Nikageuka chali, nikatazama mbingu. Mvuvi mmoja akausogeza mtumbwi wake karibu, akaniuliza, "Mwalimu, nikutoe?" Sheria ya mchezo inaruhusu mtu kushika chombo kilichosimama na kupumzika, mradi asisogezwe mbele. Nikashika ukingo, nikapumua mara kumi, nikamjibu, "Asante, baba. Bado." Nikaendelea polepole. Nilitoka majini nikiwa wa 19.

BARABARANI

Nilipopanda baisikeli nikawa mtu mwingine. Ninyi mnaijua milima yetu. Anayepanda vilima vya Kibondo na mkungu wa ndizi kwenye keria, je, atashindwa na kilima asipokuwa na mzigo? Nikampita mmoja, nikampita wa pili. Kufika kilometa ya sita nilikuwa nimekwisha pita watu wanane. Watu wa kandokando walipiga makofi. Na hapo, wasomaji wapenzi, kiburi kikanipanda kichwani. Nikajiona tayari ninarudi Murungu na zawadi. Nikaanza hata kupanga maneno nitakayowaambia wale wanaonicheka.

Mara nikasikia "pss!" Tairi la nyuma. Mwiba.

Pampu yangu na viraka vilikuwa wapi? Nilikuwa nimeviacha kule tulikobadilia nguo, kusudi niwe mwepesi! Hilo lilikuwa kosa langu mimi, si la mtu mwingine yeyote. Nikasimama. Wale wanane wakanipita mmoja mmoja, na wa mwisho wao alikuwa mzee mwenye mvi, akanipa pole.

Palikuwa na bwana mmoja ameketi mbele ya duka lake, baisikeli yake imeegemezwa ukutani. Akaniita, "Ndugu, chukua yangu. Utairudisha baadaye. Nani atajua?" Alisema kwa wema kabisa. Lakini sheria ilikuwa imesomwa kwetu sote asubuhi: kila mtu amalize na chombo chake mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu wa nje. Anayeharibikiwa anaruhusiwa kusukuma baisikeli yake kwa miguu. Zilikuwa zimebaki kilometa tano.

Nawaambieni, niliitazama baisikeli ile. Ilikuwa nzuri, matairi yamejaa. Nikasema moyoni: nikiichukua nitafika, lakini atakayekuwa amefika si mimi. Nikamshukuru yule bwana, nikashika usukani wa baisikeli yangu, nikaanza kusukuma.

KILOMETA TANO ZA KUFIKIRI

Jua lilikuwa limepanda. Joto la ziwani si kama baridi yetu ya huku juu. Watoto walinifuata wakisema, "Huyu naye yumo?" Katika kusukuma kule nilimkumbuka Mzee John Stephen Akhwari wa Mbulu, Mtanzania mwenzetu. Mwaka 1968 alipelekwa Mexico kukimbia marathoni ya Olimpiki. Mji ule uko juu sana, zaidi ya meta 2,200, hewa yake nyepesi. Alianguka njiani, akaumia goti vibaya. Wakamfunga bandeji, naye akainuka akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha shinda zamani, na jioni ilikuwa imeingia, Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Wakimbiaji 57 walimaliza siku ile, naye alikuwa wa 57. Zaidi ya kumi wengine hawakumaliza kabisa. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana hii: nchi yake haikumtuma mbali vile aanze mbio tu, ilimtuma azimalize.

Je, ni wangapi kati yetu wanaolijua jina la mtu wa pili katika marathoni ile? Lakini jina la huyo wa mwisho wanalijua watu katika dunia nzima.

Nikafikiri pia juu ya cheti changu. Nikagundua jambo ambalo sikuwa nimelikiri hata kwa mke wangu: ilikuwa imepita miaka miwili sijaandika barua yoyote ya kuomba kazi. Niliwaambia watu kwamba nasubiri. Haikuwa kweli. Nilikuwa nimeketi kando ya njia. Tena nilikuwa nimefanya kosa la pili: nilidhani ualimu hauanzi mpaka mtu apewe darasa na mshahara, kama vile nilivyodhani kwamba mbio zimekwisha tairi lilipotoboka.

Nilifika penye kubadilia, nikaegemeza baisikeli, nikaanza zile kilometa nne za miguu. Mtu akitoka baisikelini miguu huwa mizito kama magogo, maana misuli imezoea kuzunguka na sasa inatakiwa kupiga hatua. Nilikimbia kidogo, nikatembea, nikakimbia tena. Nilipouona mstari, watu wengi walikuwa wamekwenda nyumbani kula. Zawadi zilikuwa zimekwisha gawiwa. Lakini rafiki yangu alikuwa angali ameshika ncha moja ya kamba, na ncha ya pili aliishika yule mzee mwenye mvi. Walikuwa wakiningojea juani. Nikavuka. Wa 19 katika watu 19.

NILIPORUDI NYUMBANI

Habari mbaya ina mbio kuliko basi. Nilipofika Murungu watoto walikuwa wamekwisha jua. "Mwalimu amekuwa wa mwisho!" waliimba. Nikaona haya, nisiwafiche. Jirani yangu mmoja, mzee sana, akaniita barazani kwake. Akaniuliza, "Mwanangu, walianza wangapi?" Nikasema, "19, baba." "Na wangapi walifika?" "19." "Basi wewe umefika." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na hapa Murungu, ni vijana wangapi walikwenda kujaribu?" Nikasema, "Mimi peke yangu." Akasema, "Haya, nenda ukale." Wala hakuongeza neno.

Juma lile lile niliandika barua ya kuomba kazi. Sikupata, na mpaka leo sijapata, nisije nikawadanganya. Lakini niliomba ruhusa nikaanza kufundisha hesabu na Kiswahili jioni, siku tatu kwa juma, kwa watoto wanaojitayarisha na mtihani wa darasa la saba. Walianza watoto sita chini ya mwembe. Sasa ni zaidi ya ishirini. Nao wanaponiita "Mwalimu" sisikii mwiba tena.

MASHAURI MACHACHE

Wasomaji wapenzi, sikuandika haya ili kila mtu akanunue baisikeli ya mbio. Ninayo maneno matatu tu.

La kwanza kwa wazazi. Watoto wetu wa milimani hawajui kuogelea, lakini wakikua husafiri kwa mitumbwi na meli, na wengine huvuka mito wakati wa masika. Kujua kulala chali majini na kutulia kwaweza kuokoa maisha. Lakini wasijifundishe wenyewe kwa siri. Mto Malagarasi na mabwawa yake si mahali pa kuchezea: mna mamba na viboko, na mkondo hauonekani. Mtoto afundishwe na mtu ajuaye, mahali palipokaguliwa, naye asiwe peke yake kamwe.

La pili kwa vijana. Pampu na viraka usiviache nyumbani kwa ajili ya kutaka wepesi. Katika maisha pia viko vitu ambavyo huonekana mzigo siku njema: akiba kidogo, ufundi wa mikono, rafiki wa kweli. Siku ya mwiba ndipo utakapovitafuta.

La tatu kwa sote. Wazee wetu walisema kwamba kutangulia si kufika. Nami naongeza, kuchelewa si kupotea. Kama mtoto wako amekuwa wa mwisho darasani, usimwite mjinga. Muulize kwanza: je, ulimaliza? Je, ulimaliza kwa haki, kwa baisikeli yako mwenyewe? Akijibu ndiyo, mpe chakula, na kesho mwamshe mapema ajaribu tena. Na aliyefika kwanza naye asiende nyumbani upesi. Ashike ncha ya kamba kidogo, maana yuko mwenzake anakuja.

Yule kijana wa ufundi alinisikiliza mpaka mwisho. Akakaa kimya, akitazama nje. Kisha akasema, "Mwalimu, karatasi iko?" Tukaandika barua ya tatu. Jibu halijaja bado. Likija, la heri au la kukosa, mtasikia.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.

Ndimi karani wenu, Murungu.